Nyoka Wangu na Bi Doreen

24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Marehemu mama alikuwa akisema siku hii lazima mvua idondoke, hata kama ni ya kulowesha kope tu. Haikudondoka. Kiti cha pikapu hakikaliki kwa joto. Mji wetu wa Pozo Seco mzima una hasira, na mimi ndiye naongoza.

Nimewalisha nyoka wangu wote wanne. Tomasa, yule chatu mdogo mwenye mistari ya waridi, amekataa panya wake tena. Ni bibi sasa. Nilimwokota kwenye miamba ya mlima Cerro Pelón nilipokuwa bado nina mume. Mume aliondoka, Tomasa akabaki, na sijawahi kuona nimepunjwa. Notario, nyoka-mfalme wangu mweusi mwenye pingili nyeupe, yeye angekula hata soksi.

25 Juni

Upepo na vumbi. Nimefagia saluni yetu ya nywele, nikafagia tena.

29 Juni

Asubuhi nimekuta nyoka-mfalme ananing'inia kwenye ua wangu, kichwa hakipo. Nilikimbilia ndani. Notario alikuwa kwenye tangi lake la kioo, kajikunja, salama. Huyu aliyeuawa alikuwa wa porini.

Jirani yangu Lyle Haverkamp alikuwa amesimama upande wake wa ua na jembe lake. Ni mstaafu kutoka Minnesota. Alikuja kuota jua, na tangu afike analalamika kwamba jua ni kali.

"Nimekurahisishia kazi," akasema. "Mmoja wako alitoroka."

"Wangu wako ndani. Huyu ni wa mlimani, na chakula chake ni nyoka-njuga, wale wa sumu wanaolia mkiani. Umemuua askari wako mwenyewe."

"Nyoka ni nyoka, mama."

"Na mpumbavu ni mpumbavu, bwana Haverkamp, ila wewe hatukuning'inizi kwenye ua."

Akacheka. Nimemzika nyoka chini ya mti wa paloverde. Ardhi ngumu, ilibidi nitumie sululu.

3 Julai

Ijumaa, siku ya Bi Doreen, mke wa Lyle. Huja kila wiki kuosha na kuseti nywele, kwa sababu Jumapili hupiga kinanda kanisani na hataki watu waone kisogo kibaya. Mwanamke mpole, amefifia kama shuka iliyofuliwa mno. Simpendi. Watu wapole wanaoishi na watu kama Lyle nawaona ni washirika wao.

Nilimuuliza, "Mumeo anaogopa nini hasa?"

"Lyle haogopi," akasema macho yake yakiwa kwenye kioo. "Lyle anachukia tu. Anayeogopa ni mimi."

Nilimvuta nywele kwa kitana zaidi ya ilivyohitajika.

10 Julai

Mvua! Ilikuja saa tisa alasiri, ukuta wa vumbi kwanza, kisha matone mazito, kisha ile harufu ya vichaka vya kreosoti inayofanya mtu atake kuombana msamaha na dunia. Sikuomba. Niliacha saluni mikononi mwa Socorro, nikaenda Cerro Pelón.

Jua lilipokuwa linazama nikapata nilichofuata. Chatu mdogo wa waridi, labda wa mwaka jana, ametoka kwenye ufa kunywa maji yaliyotuama juu ya jiwe. Unene wa kidole. Alinipandia kiganjani akanizunguka kidole gumba, akatulia, kana kwamba ni mimi niliyepatikana. Sheria inaniwekea kikomo cha ninaoweza kufuga na nimeshakifikia, kwa hiyo nilimtazama mpaka mwanga ukaisha, nikamrudisha kwenye ufa wake. Sikugeuza jiwe hata moja. Kuna watu huja kutoka mjini na mitaimbo, wanabomoa miamba ambayo imechukua miaka elfu kupasuka vizuri, wapate nyoka mmoja wa kupigia picha. Hao ningewafuga.

11 Julai

Tomasa bado hali.

14 Julai

Socorro aliingia akiwa hajavua hata miwani ya jua. Ni binamu yangu, tumefungua saluni pamoja, na hajui kuleta habari polepole.

"Shoga, Lyle anapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Anataka baraza lipige marufuku kufuga nyoka ndani ya mji."

"Nani atamsainia?"

"Uliza nani hajasaini. Bustamante kasaini."

Bustamante mwoka mikate! Mwezi wa tano tu nilimtolea nyoka-njuga kwenye chumba cha unga, yeye akiwa kasimama juu ya meza anamwita mama yake. Sikumtoza kitu. Sijawahi kumtoza mtu. Mji mzima una namba yangu: nyoka gereji, nyoka chini ya trampolini ya watoto, nyoka ndani ya choo cha shule. Wananipigia hata kabla ya zimamoto.

"Na wewe umesaini?" nikamuuliza.

Socorro akavua miwani. "Hilo swali nitajifanya sijalisikia. Pokea taulo."

17 Julai

Bi Doreen alikuja kama kawaida. Nikaosha, nikaseti.

20 Julai

Kikao cha baraza. Ukumbi ulijaa, kipoza hewa kimekufa, watu wanajipepea na zile karatasi za Lyle. Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema "usalama wa watoto" mara nyingi hata mimi nikaanza kujiogopa.

Nilipopewa nafasi nilisema ninaowafuga hawana sumu, hawajawahi kutoroka, na nyumba yangu iko wazi kwa yeyote anayetaka kuja kuona. Kisha nikawatazama. Safu ya pili, Bustamante. Nyuma yake, mwalimu mkuu. Pembeni, yule kijana wa kuuza magari ambaye nilimtolea nyoka ndani ya boneti harusi yake ikimsubiri. Nikasema, "Nani hapa sijawahi kumtolea nyoka nyumbani kwake? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Nani atasimama upande wangu?"

Socorro alisimama, na mzee mmoja kiziwi ambaye nadhani alifikiri tunaimba wimbo wa taifa. Bi Doreen alikuwa kando ya mumewe, mikono mapajani. Alinitazama. Nikaona anataka kusimama, magoti yake yakajisogeza hivi, halafu yakarudi.

"Sawa," nikasema. "Kuanzia leo msinipigie simu. Nyoka akiingia, mpigieni diwani. Mpigieni bwana Haverkamp, ana jembe."

Kura imeahirishwa hadi kikao cha Septemba. Ikipita, itabidi niwatoe Tomasa na wenzake. Porini siwezi kuwarudisha. Nyoka aliyekaa ndani miaka yote hiyo anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake wa mlimani. Kwa hiyo ni kumpa mtu mbali, au sindano ya daktari wa mifugo. Nimeandika hivyo ili niyaone maneno yenyewe.

22 Julai

Mvua kubwa. Nyoka wanatembea.

23 Julai

Simu: mwalimu mkuu. Nikamwambia nimestaafu.

27 Julai

Simu: Bustamante, anahema kama aliyetoka mbioni. "Nelda, yuko chini ya oveni."

"Muwekee karatasi yako asaini," nikasema, nikakata.

Socorro anasema alimmwagia nyoka maji ya moto, na mengine yakamwagika mguuni kwake. Nilicheka. Usiku nililala vizuri.

31 Julai

Tomasa amekula! Panya mmoja mdogo, polepole, kama bibi anayetafuna mkate bila meno. Nilikaa sakafuni nikamtazama mpaka mkia wa panya ukapotea. Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu.

2 Agosti

Dhoruba, umeme umekatika. Mchana nimekula maharage baridi.

9 Agosti

Naandika ya jana yote kwa mkupuo mmoja, nisije nikaanza kuyapamba.

Alasiri wingu lilikuwa jeusi na upande wa milimani ilikuwa imeshanyesha sana; korongo lilikuwa linanguruma mpaka jikoni kwangu. Simu ikalia.

"Nelda? Ni Doreen, wa hapa jirani." Kana kwamba kuna Doreen mwingine. "Lyle yuko Tucson. Kuna nyoka nyuma ya mashine ya kufulia, pale kwenye banda la gari. Anapiga njuga."

"Ondoka hapo. Ingia ndani ufunge mlango."

"Biscuit amefungwa humo. Mbwa wangu. Mnyororo wake umeshikiliwa kwenye bomba, nyuma kulekule. Anambwekea, na nyoka anazidi kukasirika."

"Pigia zimamoto."

"Nimewapigia. Korongo limejaa, hawawezi kuvuka."

Nilisikia njuga kwenye simu. Ni sauti ambayo mwili wangu unaijua. Mkono ulishaanza kwenda kwenye ndoano yangu ndefu ya kushikia nyoka, inayoning'inia kando ya mlango. Kisha nikakumbuka ua wangu na kile kilichoning'inizwa juu yake.

"Basi mpigie diwani," nikasema.

"Nelda, tafadhali. Mimi sikusaini ile karatasi."

"Wala hukusimama."

Nikakata.

Kulikuwa na kikombe kwenye sinki. Nikakiosha. Nilimsikia mbwa, nikafungulia maji zaidi. Nikakisuuza, nikakiosha tena. Sikuwa na haraka. Nilikuwa najiambia atarudi ndani, mbwa atachoka, nyoka atajiendea, mvua itanyesha, yote yataisha bila mimi na wataona. Nilitaka waone. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, nimetafuta kingine cha kuandika hapa na sikukipata.

Kisha akapiga kelele. Moja tu, fupi.

Niliruka ua nikiwa na ndoano. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mbwa amempakata kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa pajani, kiganja juu. Matundu mawili kati ya kidole cha kati na cha pete. Nyoka alikuwa amejikunja chini ya mashine, mkubwa, njuga zake bado zinalia. Nikamwacha.

"Pete," nikasema. "Lazima zitoke kabla mkono haujavimba." Nilikimbia jikoni kwake nikaleta mafuta ya kupikia, nikazivuta moja moja. Ya ndoa ilikataa. Nilivuta mpaka ngozi ikatoka nayo. Hakulia.

"Ulikuwa jikoni," akasema. "Nilikuona dirishani."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaosha kikombe."

"Ndiyo."

Nilimpakia kwenye pikapu pamoja na mbwa, mkono nikauegemeza kwenye mto usicheze. Kwenye korongo maji yalikuwa ya rangi ya maziwa na kahawa, yamebeba matairi, magogo, na friji la mtu. Ng'ambo niliona taa nyekundu za zimamoto. Mmoja wao alinipungia mikono yote miwili: usivuke. Mimi ni mtoto wa hapa, nilijua. Aliyevuka maji kama yale tunamkuta siku tatu baadaye kwenye mashamba ya pamba. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba helikopta inasubiri radi ziondoke, nirudi uwanja wa shule.

Tukangoja uwanjani, vioo vimefungwa, mvua inapiga paa. Mkono ulikuwa umefika unene wa mguu na umeanza kuwa wa zambarau. Alitapika kwenye kofia yangu. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, akaniambia anahisi mchwa wanaitembea.

"Nitakufa?"

"Sidhani."

"Usidhani. Jua."

"Hutakufa. Ila mkono sijui."

Akautazama mkono wake muda mrefu. "Kesho ni Jumapili," akasema.

Nilimwomba radhi. Nilisema, nikarudia. Aligeuza uso akatazama dirishani mpaka helikopta ilipokuja. Walipomteremsha aliniambia neno moja tu: "Mbwa." Kwa hiyo nilikaa na mbwa.

11 Agosti

Lyle amerudi, kamuua nyoka kwa bunduki, kamweka katikati ya barabara watu wamwone. Alikuja kumchukua mbwa akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Alikuwa wako."

"Sifugi nyoka wa sumu, bwana Haverkamp."

"Alitoka kwako! Mke wangu wanamkata vidole na wewe unanibishia?"

Nilikuwa na la kumwambia. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikampa mnyororo wa mbwa.

12 Agosti

Mji mzima umeamini. Jiwe limepita kwenye dirisha la saluni.

14 Agosti

Ijumaa. Kiti kitupu. Socorro aliweka kahawa mbele yangu.

"Nyoka hakuwa wako, hilo najua. Ila niambie jambo moja. Alikupigia simu?"

"Hapana," nikasema.

Akanitazama kama anavyotazama rangi ya nywele iliyokosea. "Haya," akasema, akaenda kukunja taulo ambazo zilishakunjwa.

20 Agosti

Nimempigia mtu wa Yuma anayefuga nyoka. Anaweza kuchukua Notario na wale wawili wadogo. Tomasa hamtaki, ni mzee mno, atamfia mikononi. Nimemtoa Tomasa kwenye tangi, nimekaa naye sebuleni. Anapenda kuingia kwenye mkono wa sweta. Alilala humo.

29 Agosti

Bi Doreen amerudi. Nimemwona juu ya ua akianika kitambaa cha vyombo kwa mkono mmoja. Vidole viwili havipo, vilivyobaki vimekunjamana. Aliniona. Alibana kitambaa, akaingia ndani.

7 Septemba

Kikao. Lyle alizungumza nusu saa, na safari hii hakuhitaji kusema watoto; alinyoosha kidole kwa mkewe tu. Watu wengine walilia. Mwenyekiti aliponiuliza kama nina neno, nilisimama, na nilikuwa nataka kusema yote, naapa, lakini Bi Doreen alikuwa ameshasimama.

"Nyoka hakuwa wa Nelda," akasema.

"Doreen," akasema Lyle.

"Nyamaza, Lyle." "Nilimwona mwenyewe akitoka korongoni, asubuhi ile, akapita chini ya ua wetu wa nyuma. Nilidhani ameshaondoka. Nelda ndiye aliyenivua pete na kunipeleka. Bila yeye ningekatwa mkono mzima. Hayo ndiyo niliyokuja kusema."

Akakaa. Akanitazama moja kwa moja, na sikuona upole hata chembe. Nikajua kwamba maneno "niliyokuja kusema" alikuwa ameyachagua, na kwamba kuna mengine ambayo hakuja kuyasema. Ningeweza kuyasema mimi. Kinywa kilikuwa wazi. Nikakaa.

Marufuku imeshindwa kwa kura moja. Bustamante alinikumbatia mlangoni, ananuka hamira.

11 Septemba

Ijumaa. Alikuja saa yake ileile, akakaa kwenye kiti.

"Osha," akasema. "Mkono mmoja hautoshi."

Socorro alitutazama, akasema anaenda kununua vitunguu. Hatupiki saluni.

Niliosha polepole. Nikauliza, "Kwa nini hukuwaambia lile lingine?"

"Ningewaambia, ungelia. Ukishalia wangekusamehe. Watu wa hapa wanasamehe haraka sana, wapate kwenda kula." Macho aliyafumba, maji yanampita masikioni. "Mimi sijamaliza."

"Unataka nini, Bi Doreen?"

"Nikipiga simu, unakuja. Sijali umekasirishwa na nani. Mtu yeyote akiwa na nyoka nyumbani atanipigia mimi, mimi nitakupigia wewe, na utakuja. Siku ukikataa, nasimama kanisani baada ya mahubiri na ninasimulia habari za kikombe."

"Hata pasingekuwa na hayo, nisingekataa tena."

"Hilo hatutalijua."

Nilimkausha, nikamfunga vibanio. Nilipofika kisogoni nilifunga kibanio kimoja mara tatu, akaona kwenye kioo, akaacha niendelee.

"Na nyoka wangu?" nikauliza.

"Wafuge. Bado nawaogopa. Nisiwaone."

Kwenye mlango alisimama, akatazama vidole vyake vilivyobaki akijaribu kuvinyoosha. "Wamempata msichana wa kupiga kinanda," akasema. "Anakimbiza nyimbo zote."

12 Septemba

Nimempigia wa Yuma, nimemwambia hapana. Tomasa anakaribia kujivua gamba. Macho yake yamekuwa ya buluu ya maziwa. Nimempa maji na nimemwacha peke yake.

17 Septemba

Hewa ya asubuhi imeanza kupoa. Mvua zimeondoka, nadhani.

Nilikuwa nakunywa kahawa simu ilipolia. "Bustamante," akasema Bi Doreen. "Chumba cha unga." Akakata.

Nilikuwa kule kabla kahawa haijapoa. Nyoka-njuga wa kimo cha kawaida, kajibana kati ya magunia. Nilimpandisha kwenye ndoano, nikamshusha ndani ya ndoo, nikafunga kifuniko. Bustamante, juu ya meza, mguu wake bado una kovu la maji ya moto, alinipa mkate mtamu na hakujua aangalie wapi. Nilimpeleka nyoka ng'ambo ya korongo, nikailaza ndoo ubavu, akatoka bila haraka akaingia chini ya kichaka.

Kisha nikampigia Bi Doreen. "Tayari."

"Sawa."

Njiani kurudi nilijiambia ningeenda hata kama Bustamante angenipigia mwenyewe. Nataka kuliamini hilo. Lakini hanipigii tena mimi, wala hakuna anayenipigia. Wote wanampigia Doreen, kwa sababu wameona kwamba Doreen akiita, Nelda huja, na saluni nzima inasema jinsi ilivyo vizuri kwamba sisi wawili tumekuwa marafiki.